Kidole tumbo wakati wa janga: kisu au dawa?

Wiki ya mwisho ya Machi 2020, vyuo vya madaktari wa upasuaji vya Uingereza vilitoa mwongozo ambao mwaka mmoja kabla ungezua ubishi mkubwa. Mgonjwa wa kidole tumbo, ilisemwa, asipasuliwe kama kuna namna ya kukwepa. Atibiwe kwa antibayotiki. Ikishindikana, afunguliwe tumbo kwa mkato wa kizamani, maana upasuaji wa matundu madogo hujaza tumbo gesi, na gesi hiyo ilihofiwa kutoka na virusi vya korona na kuwafikia waliomo chumbani. Wiki hiyohiyo chama cha madaktari wa upasuaji cha Marekani, American College of Surgeons, nacho kikakubali antibayotiki kwa kidole tumbo ambacho hakijapasuka.

Sababu hazikuwa za ugonjwa wenyewe. Vyumba vya upasuaji vilikuwa vimegeuzwa wodi za mahututi, mashine za kutolea dawa ya usingizi zikawapumulia wagonjwa wa korona, na madaktari wa usingizi wakahamishiwa huko. Kila operesheni ilikula magauni, barakoa na glavu ambazo tayari zilikuwa hazitoshi. Aliyetibiwa kwa dripu akarudi nyumbani alikuwa amemwachia mwingine kitanda.

Wimbi lile limepita, lakini swali lake litarudi siku yoyote hospitali zitakapozidiwa tena. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukiwaondoa wale ambao hawana cha kuchagua, mambo mawili ndiyo yanayoamua: kama ndani ya kidole tumbo kuna kijiwe cha kinyesi kigumu, na kama utaweza kurudi hospitali saa nane usiku ukapokelewa mambo yakiharibika. Hofu ya kuambukizwa wodini, ambayo ndiyo iliyowasukuma wengi mwaka 2020, mimi naiweka nafasi ya tatu.

Wasio na cha kuchagua

Kidole tumbo kikishapasuka na usaha ukasambaa tumboni, ulinganisho huu haukuhusu. Tumbo limekaza lote, maumivu yameenea, moyo unakwenda mbio, homa imepanda: huyo anakwenda chumba cha upasuaji, janga liwepo au lisiwepo.

Kuna kundi la katikati, wale waliochelewa mpaka mwili ukauzingira uchafu na kufanya jipu. Hao mara nyingi hupewa antibayotiki, jipu likanyonywa kwa mrija kwa msaada wa ultrasaundi, na kidole tumbo kikaachwa kwanza. Si jambo geni. Juni 1902, siku mbili kabla ya kutawazwa, Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alitolewa usaha na daktari Frederick Treves, kidole tumbo chenyewe kikaachwa mahali pake. Sherehe ikaahirishwa, na taji akavikwa Agosti.

Wanaobaki, ambao kidole tumbo kimevimba lakini bado kizima, ndio wengi. Hao ndio wenye uamuzi.

Si flajili ya dukani

Kwetu mtu akiumwa tumbo upande wa chini kulia, safari huanzia duka la dawa. Atapata flajili, pengine dawa ya minyoo, pengine sindano ya daiklofenaki ya kutuliza maumivu, na nyumbani mama mkubwa atasema ni chango tu. Wakati wa korona safari hiyo ilirefuka zaidi, kwa sababu watu waliiogopa hospitali kuliko ugonjwa. Wapo waliojifukiza nyungu kwa homa ambayo chanzo chake kilikuwa tumboni. Katika nchi nyingi madaktari walieleza jambo lilelile kuhusu miezi ile: wagonjwa waliofika walikuwa wachache kuliko kawaida, ila waliofika wengi wao walikuwa wamechelewa, na kidole tumbo kimeshapasuka.

Kwa hiyo nikisema tiba ya antibayotiki sina maana hiyo. Tiba iliyofanyiwa utafiti ina utaratibu wake. Kwanza picha imepigwa, CT skani au ultrasaundi, na imeonekana kidole tumbo hakijapasuka. Dawa inapita mshipani kwa siku ya kwanza angalau, mgonjwa akiwa chini ya macho ya wauguzi. Kisha anapewa vidonge mpaka zitimie siku 10 hivi. Finland walitumia ertapenemu kwa siku tatu, wakafuatisha levofloksasini na metronidazoli kwa siku saba. Katika hospitali zetu kinachozoeleka ni seftriaksoni na metronidazoli. Na muda wote huo kuna mtu anayeuliza: maumivu yamepungua? Homa imeshuka? Unakula? Ikipita siku moja au mbili na majibu si mazuri, mgonjwa anapasuliwa. Ukiondoa huyo anayeuliza, umebaki na flajili ya dukani kwa bei ya juu.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisizihamishe takwimu za Ulaya moja kwa moja. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa haulingani kila mahali. Palipo na mazoea ya kununua antibayotiki bila cheti, tena nusu dozi, vimelea vya utumbo vimekwishazizoea baadhi ya dawa hizi kabla mgonjwa hajafika wodini.

Tafiti zinasemaje

Wazo hili ni la zamani kuliko korona. Mwaka 1959 daktari Coldrey wa Uingereza aliripoti wagonjwa 471 aliowatibu bila kuwapasua, na wenzake hawakumfuata. Kilichofufua mjadala ni utafiti wa APPAC wa Finland, uliochapishwa 2015. Watu wazima 530, wote wamepigwa CT skani, wenye kijiwe wakaondolewa mapema, waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapasuliwa na jingine likapewa dawa. Katika mwaka wa kwanza asilimia 27 ya waliopewa dawa waliishia kupasuliwa. Ilipotimia miaka mitano, ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 39.

Kisha ukaja CODA wa Marekani: wagonjwa 1,552 katika hospitali 25, na matokeo yake ya kwanza yakatoka Oktoba 2020, katikati ya janga. Huu naupenda zaidi kwa sababu haukuwachagua wagonjwa wepesi peke yao. Wenye kijiwe walikuwemo. Ndani ya siku 90, watu 29 katika kila 100 waliopewa dawa walikuwa wamepasuliwa. Ulipofika mwaka mmoja walikuwa 40, na baada ya miaka mitatu hadi minne karibu nusu. Kwa upande mwingine, karibu nusu ya waliopewa dawa hawakulazwa kabisa mara ya kwanza. Walitibiwa idara ya dharura wakaenda nyumbani.

Waingereza nao hawakuwa na nafasi ya bahati nasibu. Walifanya walichoamriwa na hali, wakahesabu baadaye. Katika utafiti wao ulioitwa HAREM, kati ya wagonjwa 500 wa kwanza wa majira yale ya 2020, zaidi kidogo ya nusu walianza na dawa, katika nchi ambayo kabla ya hapo kidole tumbo kilikuwa karibu sawa na kusema upasuaji.

Sasa namba hizi zinasomwaje? Mmoja atasema nusu walirudi, dawa imeshindwa. Mwingine atasema nusu wameepuka kisu. Siku za kawaida ningewaacha wabishane. Wakati wa janga naitazama namba ya siku 90, kwa kuwa kinachotafutwa ni kuvuka wimbi. Watu saba katika kumi walivuka miezi mitatu bila kupasuliwa, na miezi mitatu ilitosha wimbi la kwanza kushuka katika sehemu kubwa ya Ulaya. Aliyerudiwa na ugonjwa baada ya hapo alipasuliwa kwenye hospitali yenye nafasi, na daktari aliyepumzika. Ukilitazama hivyo, dawa ni mkopo wa muda, na mkopo una faida yake hata kama utalipwa.

| | Upasuaji | Antibayotiki |
|---|---|---|
| Ugonjwa kurudi | Umekwisha, isipokuwa kwa nadra sana | 29 katika 100 wamepasuliwa ndani ya siku 90, karibu nusu ndani ya miaka mitatu hadi minne |
| Siku za kukosa kazi (CODA) | Karibu 9 | 5 hivi |
| Kinachohitajika | Mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, chumba, vifaa kinga | Picha ya kuaminika, dripu, mfuatiliaji, njia ya kurudi |
| Kinachoweza kuharibika | Kidonda kutunga usaha, ngiri ya kovu, utumbo kunatana | Kidole tumbo kupasuka ukiwa nyumbani, dawa kugonga mwamba, uvimbe uliojificha kubaki ndani |

Hizo siku 9 za Marekani zisikudanganye. Karibu wote kule walifanyiwa upasuaji wa matundu. Kwa mkato wa kawaida, fundi wa ujenzi au mama lishe anayeinua ndoo za maji huambiwa asibebe kizito wiki nne hadi sita, na hesabu ya kukosa kipato inageuka kabisa.

Kijiwe

Ni kinyesi kilichogandamana kikawa kigumu na kuziba mlango wa kidole tumbo. Katika CODA, miongoni mwa wenye kijiwe waliopewa dawa, watu 41 katika 100 walipasuliwa ndani ya siku 90. Wasio nacho walikuwa 25. Madhara mengine, kama usaha kutunga tumboni, nayo yaliwaangukia zaidi wenye kijiwe. Miongozo ya kimataifa iliyotoka 2020 chini ya chama cha World Society of Emergency Surgery iliruhusu tiba ya dawa kwa wagonjwa waliochaguliwa, kwa sharti kwamba kijiwe hakipo. Kwangu hapo hapana mjadala mrefu. Kipo, na mpasuaji yupo? Pasuliwa.

Shida ni kukiona. CT skani hukiona vizuri, ultrasaundi hukikosa mara nyingine. Uingereza CT ziliongezeka wakati wa korona, tena mwongozo ulitaka anayepigwa ya tumbo apigwe na ya kifua kwa pamoja, ili korona iliyojificha inaswe. Hilo lilikuwa na neema yake. Kabla ya janga, utafiti wa RIFT ulikuwa umeonyesha kwamba kati ya wanawake 100 waliotolewa kidole tumbo nchini humo, 28 walikutwa nacho kizima. Walipasuliwa bure, kwa sababu maumivu ya ovari na ya kidole tumbo hufanana na picha hazikupigwa.

Hospitali zetu za rufaa zina CT skani. Hospitali ya wilaya mara nyingi ina ultrasaundi, maabara ya kuhesabu chembe nyeupe za damu, na mkono wa daktari. Wengi hutumia alama za Alvarado, zilizobuniwa 1986: maumivu yaliyohamia kulia, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, homa, chembe nyeupe kupanda na kadhalika, jumla alama 10. Alama hizo husaidia kukisia kama ni kidole tumbo. Habari ya kijiwe hazina. Kwa hiyo pasipo picha ya kuaminika, mimi nautazama upasuaji kuwa ndio salama zaidi ya hizo mbili, hata kama korona ipo nje ya dirisha.

Utarudije?

Hapa ndipo ulinganisho wa vitabuni unapopungukiwa, kwa sababu umeandikwa na watu wenye magari.

Fikiria mgonjwa wa CODA kule Seattle. Ana simu, ana gari au namba ya kuita ambulansi, na hospitali iliyompa vidonge ina mpasuaji usiku kucha. Anapoambiwa "rudi maumivu yakizidi", neno hilo lina uzito. Sasa mchukue mgonjwa wa Uganda siku zilezile. Kuanzia mwishoni mwa Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa, kisha magari binafsi nayo yakapigwa marufuku, na mwenye mgonjwa akalazimika kutafuta ruhusa kwa mkuu wa wilaya, RDC, ndipo gari liondoke. Kenya ilitangaza kafyu kuanzia tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Wagonjwa wa dharura waliruhusiwa kupita. Lakini kuruhusiwa na sheria ni kimoja, kumpata mwenye bodaboda atakayekubali kukutana na polisi saa sita usiku ni kingine.

Tanzania haikuwafungia watu ndani, barabara zilibaki wazi. Umbali ulibaki palepale. Anayetakiwa kuvuka ziwa kutoka Ukerewe mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza, anaenda na ratiba ya chombo, hata tumbo likikaza usiku.

Ndiyo maana siafiki dhana kwamba dawa ni tiba ya walio mbali na kisu ni cha walio mjini. Naona kinyume chake. Aliye karibu na hospitali ndiye anayeweza kujaribu dawa, kwa sababu zikishindwa anarudi kwa nusu saa. Aliyetoka mbali, akishafika mahali penye mpasuaji na chumba kilicho wazi, ana sababu zaidi ya kumaliza jambo hapohapo kuliko kurudi kijijini na bahasha ya vidonge. Isipokuwa kama hospitali yenyewe haina mpasuaji: hapo antibayotiki za mshipani zianze mara moja wakati barua ya rufaa inaandikwa na gari linatafutwa. Ni daraja la kumfikisha mtu kwenye upasuaji, na halikuwekwa ili mtu alale juu yake.

Mfano wa kupita kiasi uko Antaktika. Leonid Rogozov, daktari pekee katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya, aliugua kidole tumbo mwishoni mwa Aprili 1961. Alianza na antibayotiki kama tunavyofanya leo, hali ikazidi, ndege haikuweza kufika kwa dhoruba ya theluji. Akajipasua mwenyewe kwa ganzi, wenzake wakimshikia kioo, na akapona. Dawa zikishindwa na njia ya kurudi haipo, hayo ndiyo yanayobaki, na wengi wetu si Rogozov.

Kabla hujakubali kwenda nyumbani na vidonge, basi, muulize daktari waziwazi. Nikizidiwa usiku nimpigie nani, na namba hiyo inapokelewa? Nitapita mlango gani, wa dharura au ule wa wanaoshukiwa kuwa na maambukizi, na nitasubirishwa majibu ya kipimo kabla ya kuguswa? Mpasuaji yupo mwisho wa wiki? Na nyumbani jiulizeni wenyewe: fedha ya kukodi gari imewekwa pembeni? Bima itaitambua safari ya pili? Majibu mawili matatu yakiwa ya kusitasita, mizani imekwishaelekea kwenye upasuaji.

Hofu ya wodi

Mwishoni mwa Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa kundi la COVIDSurg uliowatisha watu, na kwa haki. Wagonjwa 1,128 katika nchi 24, waliopasuliwa wakiwa na korona au wakagundulika nayo muda mfupi baadaye: karibu mmoja katika wanne alifariki ndani ya siku 30. Nusu walipata matatizo ya mapafu.

Namba hiyo ilizunguka sana, mara nyingi bila maelezo yake. Waliomo walikuwa wa kila aina ya operesheni, nyonga zilizovunjika, saratani, moyo, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaume na kwa waliofikisha miaka 70. Mgonjwa wa kawaida wa kidole tumbo ana miaka kati ya 10 na 30. Kuibandika namba ile kwa kijana wa chuo mwenye afya ni kumtisha bila sababu. Kwa mzee mwenye korona inayomkohoza tayari, hapo ni hoja nzito kweli: kama kidole tumbo hakijapasuka na hakina kijiwe, dawa ndizo ningemwombea.

Tena watu husahau kwamba tiba ya dawa nayo ni ya hospitali. Anayelazwa siku mbili kwa dripu amelala wodi ileile. Na anayerudi baada ya wiki tatu ameingia hospitali mara mbili badala ya mara moja. Hofu ya maambukizi, ukiipigia hesabu kamili, haielemei upande mmoja kama inavyodhaniwa. Chanjo zilipoanza kutolewa Desemba 2020 hoja yenyewe ilizidi kupoteza nguvu.

Ukichagua kisu: matundu au mkato?

Hofu ya gesi ilikuwa na asili yake. Virusi vingine, kama vya homa ya ini aina ya B, vilishakutwa kwenye moshi wa upasuaji. Kwa korona haikuthibitika kuwa njia ya kuwaambukiza wahudumu, na hospitali zilizoweka vichujio vya gesi hiyo zikarudi kwenye matundu ndani ya miezi. Mkato una faida moja iliyosahaulika: unaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongo. Mgonjwa anabaki macho, haingizwi mpira kooni, na kuingiza mpira kooni ndiko kulikowatia hofu zaidi madaktari wa usingizi. Kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki huu ni mjadala wa kusoma tu, kwani mkato ndio uliopo.

Kusubiri kidogo

Watu hudhani kidole tumbo ni cha kupasua saa hiyohiyo. Kwa ambacho hakijapasuka, si lazima. Utafiti wa PERFECT, wa Finland na Norway, uliochapishwa 2023, ulilinganisha waliopasuliwa ndani ya saa 8 na waliopasuliwa ndani ya saa 24. Waliokutwa kimepasuka walikuwa asilimia 8 na asilimia 9. Kwa maana nyingine, kusubiri majibu ya kipimo cha korona huku antibayotiki zikipita mshipani, au kusubiri asubuhi timu kamili ifike, hakumwongezei mgonjwa hatari ya maana. Tofauti yake na ule ucheleweshaji wa dukani ni kwamba hapa unasubiri ukiwa umelazwa na unapimwa joto.

Janga lipi?

Yote haya ni ya korona. Ebola ni habari nyingine kabisa, na jirani zetu wanaijua. Kikwit, Kongo, mwaka 1995, mtaalamu wa maabara aliyekuwa na maumivu ya tumbo na homa alipasuliwa kwa kudhaniwa ana tatizo la utumbo. Alikuwa na Ebola. Wahudumu waliomshughulikia wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine, na mlipuko ule ulipoisha ulikuwa umewapata watu 315, wengi wakafariki. Panapokuwa na Ebola au Marburg, kama Kagera mwaka 2023, maumivu ya tumbo yenye homa hupimwa kwanza kabla ya kisu, na hapo antibayotiki za kusubirishia hazina mpinzani.

Hata korona iliwachanganya madaktari kwa watoto. Kuanzia Aprili 2020 Uingereza iligundua watoto waliokuja na homa kali na maumivu ya tumbo kama ya kidole tumbo, kumbe ni mwili ukiwaka baada ya maambukizi ya korona yaliyopita. Mtoto mwenye upele, macho mekundu na homa isiyoshuka aangaliwe kwa jicho hilo kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji.

Kwa watoto wenye kidole tumbo kweli, utafiti mkubwa uliotoka Januari 2025 katika nchi tano, zikiwemo Kanada na Singapore, ulionyesha tiba kushindwa ndani ya mwaka kwa watoto 34 katika kila 100 waliopewa dawa, dhidi ya 7 waliopasuliwa. Kwa mtoto naegemea upasuaji. Kwa mjamzito pia: APPAC na CODA ziliwaacha wajawazito nje, na kidole tumbo kikipasuka mimba inakuwa hatarini pamoja na mama.

Aliyevuka miaka 40 akapona kwa dawa asihesabu kwamba amemaliza. Mara chache uvimbe wa kidole tumbo au wa utumbo mpana hujionyesha kwa maumivu hayahaya, na kwa kuwa hakuna nyama iliyotolewa kwenda maabara, hakuna aliyeutazama. Aombe miadi ya kupigwa picha tena au kupimwa utumbo mpana kwa kamera baada ya wiki kadhaa, hasa kama alikuwa na jipu, na aiombe siku anayoruhusiwa, kabla jalada lake halijarudishwa kabatini.